Hodi Katika Nyumba ya Mshairi

Mwende aliuona wino kwanza kwenye taulo. Lilikuwa taulo jeupe la kufutia uso, na Jotham alikuwa ametoka kuoga, lakini mahali alipolishika palibaki alama za vidole vitatu, nyeusi kama masizi ya sufuria. Alilifua kwa sabuni, akaliloweka usiku kucha, likatoka vile vile. Alipolinusa alisikia harufu ya ubani uliozimwa kwa maji.

"Unashika nini huko kazini?" alimuuliza mumewe.

"Fagio na ndoo," Jotham alijibu. "Nitashika nini tena?"

Ilikuwa Novemba 1997. Walikuwa wakiishi Tottenham, ghorofa ya sita katika nyumba za kaunsili, chumba kimoja cha kulala, sebule ndogo na jiko ambamo watu wawili hawakuweza kupishana. Mwende, Mkamba wa Kitui, alifanya kazi ya kutunza wazee. Jotham alitoka Vihiga. Kwao alikuwa mwalimu wa fasihi kwa miaka tisa, mwalimu ambaye wanafunzi walimkimbilia barabarani kumsalimu. London walikiangalia cheti chake kwa adabu wakamrudishia. Alikuwa amefagia stesheni, amefagia benki, amefagia shule ambamo walimu hawakumjua jina. Na tangu ujana wake alikuwa akiandika mashairi. Yalijaza madaftari manne chini ya kitanda, na kila alipoyatuma kwa wachapishaji Nairobi yalirudi na barua fupi.

Ndiyo maana alipopata kazi ya kusafisha nyumba ya Silas Wenmore, mwezi wa Oktoba, alirudi nyumbani akicheka peke yake kama mtoto.

Wenmore alikuwa mshairi mkubwa wa enzi za Malkia Victoria. Nyumba yake, juu ya kilima kaskazini mwa jiji, ilikuwa imegeuzwa makumbusho. Watu walilipa kuingia kuona kitanda chake, kofia yake, na meza aliyoandikia. Jotham alimjua Wenmore kabla hajaijua Ulaya yenyewe. Shuleni walikaririshwa beti zake, na aliyesahau mstari alichapwa viboko viwili. Jotham alisahau mstari mara moja tu.

"Unajua alianza vipi?" alimwambia Mwende wakila. "Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Mpaka miaka thelathini na sita alikuwa akiandika mashairi mabovu, magazeti yanamcheka. Halafu ghafla, ndani ya miaka saba, vitabu vitatu. Vitatu! Nchi nzima inavikariri. Miaka thelathini na sita, Mwende. Mimi nina thelathini na saba."

"Basi umechelewa mwaka mmoja," Mwende alisema, wakacheka.

Wiki ile ya wino, Jotham alianza kuandika tena. Alirudi kutoka kazini saa mbili asubuhi, Mwende akijiandaa kutoka, akakaa mezani bila kuvua koti. Hakukata neno wala hakurudia mstari. Kalamu ilikwenda kama mtu anayeandika barua anayosomewa na mwingine. Jumamosi alimsomea mkewe ubeti mmoja, na Mwende, ambaye kwa kweli hakuwahi kuyapenda mashairi ya mumewe ingawa hakumwambia, aliweka mwiko chini akaketi.

Nimebisha siku nyingi, pasi mtu kunijibu,
nchi ya wageni wengi, wasoijua sababu;
leo sihitaji mengi, sauti ndiyo thawabu,
aliyesema karibu, kwake ndiko nitakaa.

"Umeandika wewe?" aliuliza polepole.

"Mimi. Nani mwingine?" Lakini aliona haya kidogo. "Linakuja tu. Nikipiga deki chumba chake cha kuandikia, nasikia kama mtu ananong'ona. Sijui ni mabomba ya maji. Siku ya kwanza, nilipokwenda jioni kuonyeshwa kazi, nilisikia kabisa mtu anapiga hodi. Hodi, hivyo, kwa Kiswahili! Nikadhani kuna mwenzetu huko ndani, labda fundi. Nikaitikia karibu. Nikaingia, hakuna mtu."

Mwende hakucheka. Alihisi baridi shingoni, akainuka kufunga dirisha, akakuta limefungwa.

Wiki mbili baadaye, dukani, alifungua kinywa kuomba mkate na neno halikutoka. Hakuwa na mafua wala koo halikumwuma. Alisema "Naomba" likasikika, kisha midomo ikatamka "mkate" na pakawa kimya, kama redio iliyokatika, halafu "tafadhali" likasikika tena vizuri. Mwenye duka alimtazama. Mwende akaonyesha kwa kidole.

Alidhani ni uchovu. Lakini mapengo hayo katika usemi wake yaliongezeka. Kazini alimwita mzee mmoja kwa jina lake na jina halikutoka. Kanisani aliimba na wenzake, na katikati ya pambio dada aliyesimama kando yake akamgeukia kumtazama, kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka, na hakuna kitu. Mchungaji alimwekea mikono kichwani. Daktari alimmulika koo kwa tochi, akasema liko safi kabisa, akauliza kama ana mawazo mengi nyumbani.

Nyumbani Jotham alikuwa ameshajaza daftari zima. Hakuwa mkatili. Alipogundua kwamba mkewe anapoteza maneno alimchemshia tangawizi na limau, akamfunga skafu shingoni kwa mikono yake yenye wino. Lakini jioni alirudi mezani. Na jioni moja, yapata saa kumi na moja, giza la Desemba likiwa limeshaingia, Mwende akiwa jikoni anaosha sufuria, alisikia mwanamke anazungumza sebuleni.

Alifunga bomba. Mwanamke alikuwa akisoma mashairi, polepole, sauti ya chini yenye ukwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno. Mwende alisimama na maji yanamtiririka viwikoni, akiwaza nani ameingia na mlango hakuusikia, nani huyu anayemjua Jotham kiasi cha kukaa naye gizani bila taa, na huku akiwaza hivyo mwili wake ulikuwa umeshajua, kabla akili haijakubali, kwamba ukwaruzo ule aliusikia kila siku ya maisha yake ukitoka ndani ya kifua chake mwenyewe. Ilikuwa sauti yake. Ilisema "mkate." Ilisema jina la yule mzee wa kazini. Maneno yote aliyoyapoteza yalikuwa mle, yamepangwa kwa vina.

Alipofika sebuleni Jotham alikuwa peke yake, ameinamia daftari, anaandika.

"Ni nani alikuwa hapa?" Mwende alitaka kusema. Midomo ilicheza. Hakuna hata neno moja lililotoka.

Jumatatu iliyofuata, siku ambayo makumbusho hufungwa kwa wageni, Mwende alipanda basi mpaka kilimani bila kumwambia mumewe. Aliyemfungulia mlango alikuwa msimamizi wa nyumba, mwanamke wa Kihindi wa miaka hamsini na ushei, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Mwende alimwonyesha karatasi aliyoandika kwenye basi, kwa Kiingereza: *Mimi ni mke wa Jotham. Nimepoteza sauti. Nadhani imo humu.*

Yule mama aliisoma mara mbili. Kisha akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili kilicholala muda mrefu.

"Ingia, dada. Ingia haraka, baridi. Mimi naitwa Balbir. Nilizaliwa Kisumu."

Walipanda ngazi. Nyumba ilinuka nta ya mbao na vumbi la mapazia, lakini kwenye ngazi ya mwisho ile harufu ya ubani uliozimwa ilimpokea Mwende kama mkono usoni. Chumba cha kuandikia kilikuwa kidogo kuliko alivyotazamia. Meza, kiti, dirisha linalotazama miti mikavu, na ndani ya kisanduku cha kioo, kidau cha wino cha shaba, kimechorwa maua na maandishi ya Kiarabu ukingoni. Kibandiko kilisema kililetwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki na ndugu wa mshairi, aliyekuwa daktari wa meli.

"Nakisafisha mimi mwenyewe," Balbir alisema kwa sauti ya chini. "Miaka kumi na moja. Nakikausha kwa pamba. Kesho yake kina wino."

Akafungua mtoto wa meza kwa ufunguo mdogo. Ndani mlikuwa na vitu ambavyo wageni hawaonyeshwi. Barua ya kwanza ilikuwa ya Wenmore kwa dada yake, ya mwaka 1855. Balbir alimfuatishia mistari kwa kidole. Mshairi aliandika kwamba tangu ndugu yake amletee kidau, anasikia neno moja likisemwa chumbani, kila siku, neno asilolielewa. Ndugu yake akamweleza kwamba watu wa pwani ile husema hivyo mlangoni, na akamfundisha namna wanavyojibu. *Jana,* aliandika, *nililijibu.*

"Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka uliofuata," Balbir alisema. "Kwenye kijitabu wanachopewa wageni tumeandika kwamba mkewe aliugua koo. Halafu dada yake Wenmore, aliyekuja kumtunza mke. Halafu mpishi. Vitabu vitatu. Wataalamu wanasema ni maji machafu ya kilimani. Mimi pia nimeandika hivyo. Nina diploma, dada. Ningeandika nini?"

Kisha akamtolea kibao cha jiwe jeusi, kama vile vya watoto wa shule wa zamani. Kilikuwa cha mke wa mshairi, ambacho alikitumia alipokuwa hawezi kusema. Maneno ya mwisho hayakuwahi kufutwa. Mwende alisoma, mkono umemfunika mdomo: *Anayo sauti yangu humo ndani pamoja naye. Naisikia kupitia ukutani. Inachoka.*

"Mshairi mwenyewe alikufa hapo," Balbir aliendelea, akikitazama kiti. "Walimkuta asubuhi, kichwa mezani. Ulimi umekuwa mweusi mpaka kwenye mizizi. Hilo nalo hatuandiki." Akavua miwani. "Mimi nalisikia pia hilo neno. Kila jioni, saa kumi. Yaya wetu Kisumu alitufundisha: usiitikie hodi ya usiyemwona. Kwa hiyo sijibu. Nageuka, nazima taa, naenda nyumbani Tooting. Na mumeo alipokuja kuomba kazi, Mkenya, nilifurahi, nikasema nitapata mtu wa kuongea naye. Nikataka kumwonya. Nikaona haya. Nitamwambia nini, mwalimu mzima?"

Alianza kulia bila kelele. Nje mwanga ulikuwa ukififia, na saa ya ngazini ikagonga mara nne: saa kumi.

Hawakusikia mlango wala hatua, lakini pembeni kabisa mwa sikio la Mwende, karibu kiasi kwamba alihisi unyevu wa pumzi, sauti yake mwenyewe ilisema kwa lafudhi ya watu wa kaskazini ya pwani, watu wa zamani, lafudhi isemayo ndoo badala ya njoo, ambayo yeye hakuwahi kuitamka: "Karibu, mwenye sauti. Ndoo ukae. Sikupiga hodi leo, mimi nimeshakuwa mwenyeji."

Alishuka ngazi zile bila kujua miguu inakanyaga wapi.

Balbir ndiye aliyemtafuta Msabaha. Alikuwa mzee wa Mvita, dereva wa teksi, ambaye jioni alikaa katika mgahawa mmoja Edgware Road akinywa chai ya maziwa. Hakuwa na kilemba wala cheo, lakini Waswahili wa London waliokuwa na shida za namna hiyo walimjua. Alisikiliza yote, akasoma karatasi za Mwende moja baada ya nyingine, akazikunja vizuri na kumrudishia.

"Mwanangu, sitakudanganya," alimwambia. "Jini aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu. Huyu ameingia kwa hodi. Amekaribishwa. Mimi nitasoma dua, atanisikia, labda ataumia. Lakini wa kumtoa ni yule aliyemkaribisha. Mumeo anakubali?"

Mwende aliandika: *Ananipenda.*

Mzee alilitazama neno lile kwa muda. "Haya," alisema. "Twende."

Jotham alikubali bila kubishana. Mwende alipomwekea mbele nakala ya barua ya mshairi na maneno ya kile kibao, alisoma akabadilika rangi. Akashika uso wa mkewe kwa mikono miwili akasema, "Mbona hukuniambia?" Kisha akatambua alichosema, akaangua kilio.

Walikwenda Jumatatu ya pili ya Januari, saa tisa na nusu. Balbir alifunga mlango wa mbele kwa komeo akakaa ngazini, maana hakuweza kuingia chumbani. Msabaha alitandika kitambaa sakafuni, akaweka bilauri ya maji, akawasha udi kidogo, akamketisha Jotham kwenye kiti cha mshairi na Mwende karibu na dirisha. Akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyezoea.

Mwanzoni palikuwa na baridi tu. Kisha kidau kikaanza kutoa sauti ndogo ndani ya kioo, kama jino linalogongana na jino, na wino ukapanda ukafurika ukingoni ukateremka juu ya maandishi ya Kiarabu, ukaenea chini ya kioo ukatafuta njia ya kutokea, ukaipata, ukadondoka sakafuni tone moja moja, na kila tone lilipoanguka Mwende alisikia neno lake mwenyewe likisemwa, "mama," "mlango," "chumvi," "kesho," maneno madogo ya kila siku ambayo hakujua kwamba aliyapenda, na mzee akaendelea kusoma, sasa kwa nguvu, jasho likimtoka kwenye chumba ambacho pumzi zao zilionekana kama moshi.

"Inatosha, Mvita," sauti ya Mwende ilisema kutoka mahali alipokaa Jotham, ingawa mdomo wa Jotham ulikuwa umefumbwa. "Wanichoma. Wataka nini?"

"Toka," Msabaha alisema.

"Miye sikuvunja mlango. Nilibisha. Nimeketi nti ya baridi miaka na miaka, nikibisha kila jioni kama mwana wa watu, na watu wapita wakishika kofia zao. Aloniita ndiye mwenye kunitoa. Na aseme."

"Kidau tutakivunja," Msabaha alisema, akiinua mkono.

Sauti ilicheka, na Mwende alilijua cheko lile. Ndilo alilocheka siku ile ya Oktoba wakila. "Kivunde," ilisema. "Sauti ya mkewe imo ndani. Kikivundika, itamwaika, haitazoleka. Kivunde, Mvita."

Msabaha alishusha mkono. Akamgeukia Jotham. "Mwalimu," alimwambia kwa upole, "hili ni lako. Sema kwa moyo mmoja. Mwambie: nilikukaribisha, sasa nakutoa. Usiangalie nyuma."

Jotham alisimama. Alimtazama mkewe, na Mwende aliona kwamba anampenda; hilo hakulitilia shaka hata siku moja baadaye.

"Nilikukaribisha," Jotham alisema. "Sasa nakutoa. Toka."

Wino uliacha kudondoka. Mwende alijaribu kusema jina la mumewe, akahisi kitu kinatikisika kooni, kinakaribia.

"Amesema kwa ulimi," ile sauti ilinong'ona, sasa kwa huruma karibu. "Muulizeni moyoni. Moyoni aniambia: keti kidogo. Shairi la jana halijesha. Aniambia: hili moja tu, kisha ondoka."

"Si kweli!" Jotham alipiga kelele. "Toka! Toka! Nimesema toka!" Akapiga meza kwa ngumi, akarudia mara kumi, mara ishirini, mpaka povu likamkaa pembeni mwa mdomo, na kila mara alipolitamka neno lile lilizidi kuwa jepesi, mpaka likawa sauti tupu kama mlio wa ndege. Mwishowe akapiga magoti mbele ya Mwende akamshika miguu. "Nimejaribu," alisema. "Haki ya Mungu, Mwende, nimejaribu. Najaribu kulitaka liende. Sijui namna. Miaka yote hiyo nimeandika takataka, wewe unajua, ulikuwa hunambii lakini nilijua. Nifanye nini? Nifundishe namna ya kutolitaka."

Mwende alimwekea mkono kichwani. Kile kilichokuwa kinatikisika kooni kilikuwa kimeshashuka tena.

Msabaha alikunja kitambaa chake. Alikataa kupokea nauli. Mlangoni alimwambia Mwende, bila kumtazama machoni, "Ondoka kwake, mwanangu. Sauti imekwenda, mwili bado ni wako. Mimi nimeshindwa."

Mwende aliondoka mwezi wa Februari. Alihamia kwa binamu yake Margaret, nesi aliyeishi Tooting katika chumba cha juu ya duka la sari. Akapata kazi ya kufua shuka kwenye hospitali, mahali penye mashine zenye kelele ambapo hakuna aliyemhitaji aseme kitu. Jotham hakumzuia. Alimbebea sanduku mpaka kituoni, akasimama jukwaani na vidole vyake vyeusi mpaka kwenye viganja, akasema atamaliza kitabu hiki kimoja halafu ataacha kazi ile, atakuja, wataanza upya. Aliyaamini maneno yake. Hilo ndilo lililomuumiza Mwende zaidi.

Kitabu kilichapishwa Nairobi mwaka uliofuata. Margaret alileta habari kutoka kanisani: kimesifiwa, kimesomwa redioni, wahakiki wanashangaa jinsi mwanamume alivyoweza kuandika kana kwamba mwanamke ndiye anayesema. Jotham alituma nakala kwa posta. Mwende aliisoma mara moja, yote, kwenye basi la kwenda kazini. Ilikuwa nzuri. Angetaka iwe mbaya. Mle ndani alikuta mambo ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, ndoto za utotoni Kitui, kifo cha mdogo wake, hofu aliyokuwa nayo usiku wa kuamkia ndoa, yote yamepangwa kwa mizani, hakuna silabi iliyozidi. Alikifunga, akakiacha kwenye kiti.

Baadaye Balbir aliandika barua fupi. Jotham alikuwa ameomba kuhamia katika chumba cha mtunza nyumba, chini ya ngazi, na wakubwa walikuwa wamekubali. Yeye Balbir alikuwa anastaafu mapema. Aliomba msamaha tena.

Jumatatu moja ya Novemba 1999, Margaret alikuwa zamu ya mchana na Mwende alikuwa peke yake anakunja nguo. Simu ikalia. Kwa kawaida aliiacha ilie, maana angefanya nini nayo. Siku ile ililia kwa muda mrefu mno, ikanyamaza, ikaanza tena. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa kumi kidogo. Akainua mkono wa simu, akauweka sikioni.

Mwanzoni alisikia kukwaruza kwa kalamu kwenye karatasi, kwa mbali, haraka, bila kupumzika. Kisha pumzi. Kisha sauti yake.

Haikuwa inasoma. Haikuwa na ile lafudhi ya watu wa kale wala vina. Ilikuwa inazungumza Kikamba, lugha ambayo Jotham hakuijua hata neno, na ilizungumza kwa kunong'ona, harakaharaka, kama mtu anayeongea huku akimchungulia mwingine aliyempa mgongo. Ilikuwa imechoka mno. Ilisema kuna giza hapa. Ilisema kuna wanawake wengine watatu, wa Kizungu, wamekaa kando kando ya ukuta, hawasemi tena isipokuwa wanaposemeshwa, nao hawakumbuki walikuwa nani. Ilisema, mimi bado nakumbuka jina la mama, lakini la baba limekwenda wiki hii. Ilisema, njoo unichukue.

"Kuna mtu?" iliuliza. "Kuna mtu hapo?"

Mwende alifungua kinywa. Alisukuma hewa kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na machozi yakamtoka, na hakuna kilichotoka, hata mkoromo. Upande wa pili sauti ilianza kulia.

Basi akachukua ukucha wa kidole gumba akagonga kwenye simu, pale pa kusemea, kama abishaye hodi. Mara moja. Mara mbili. Tena.

Kilio kilikatika. Kalamu nayo, kule mbali, ilisita.

"Ni nani?" sauti yake ilimuuliza, kwa woga. "Wewe ni nani?"

Mwende aliendelea kugonga.